Amekua au Bado ni Mtoto? Msichana Balehe wa Pwani ya Lindi Mbele ya Mlango wa Zahanati

Mkoa wa Lindi una sifa moja katika takwimu za afya ya uzazi ambayo wengi hawaifahamu. Katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015–16, asilimia 52 ya wanawake wa mkoa huo walioolewa au wanaoishi na wenza walikuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 32, na hakuna mkoa uliouzidi Lindi. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa pwani ya kusini hawazijui njia hizi, wala si kweli kwamba wanazikataa. Akina mama wa Kilwa, Lindi na Nachingwea wamezizoea sindano na vijiti kwa miaka mingi.

Lakini takwimu hiyo inahusu walio katika ndoa. Msichana wa miaka 16 anayesoma sekondari Kilwa Kivinje hayumo ndani yake. Kumhusu yeye tunatazama hesabu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Idadi hiyo imeshuka kutoka 27 katika utafiti uliotangulia, na kushuka huko ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, msichana mmoja kati ya watano bado ni wengi mno.

Makala hii inajaribu kueleza kwa nini huduma ambayo mama anaipata bila shida, binti yake huiona kama iko ng'ambo ya bahari, ingawa zahanati ni ile ile. Inaeleza pia miongozo ya nchi inasema nini, njia zipi zinamfaa kijana, na kila mmoja wetu anaweza kufanya nini.

Kijana balehe ni nani, na mwili wake unakabiliwa na nini?

Shirika la Afya Duniani humwita kijana balehe mtu yeyote mwenye umri wa miaka 10 hadi 19. Hiki ni kipindi cha mabadiliko ya haraka: hedhi huanza, matiti hukua, sauti ya mvulana hubadilika na hisia za mapenzi huamka. Uwezo wa kupata mimba hutangulia kukomaa kwa nyonga, na hutangulia kwa mbali zaidi kukomaa kwa fikra, elimu na uwezo wa kujitegemea.

Ndiyo maana mimba za umri huu huwa na hatari zaidi. Wasichana wa miaka 10 hadi 19 wanaojifungua hupata kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua mara nyingi zaidi kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24. Watoto wao huzaliwa njiti au wakiwa na uzito mdogo mara nyingi zaidi. Kwa msichana mdogo sana, ambaye nyonga yake haijapanuka, uchungu unaweza kukwama. Akichelewa kufikishwa panapofanyika upasuaji, mtoto anaweza kufariki na mama akabaki na fistula, yaani tundu linalopitisha mkojo au kinyesi bila hiari. Kwa familia iliyoko Songo Songo, ambayo ni lazima ivuke bahari kwanza ndipo itafute gari la kwenda Hospitali ya Kinyonga iliyoko Kivinje, kuchelewa si jambo la kufikirika.

Kuna pia hatari isiyosemwa hadharani. Msichana aliyepata mimba bila kutarajia, akiogopa baba, shule na majirani, anaweza kujaribu kuitoa kwa siri kwa dawa za mitishamba, vijiti au vidonge asivyovijua. Wengine hufika hospitali wakiwa na homa kali na kutokwa na damu, wengine hawafiki. Hapa ni lazima isemwe wazi kwamba huduma kwa mgonjwa ambaye mimba yake imeharibika ni huduma ya dharura. Hutolewa kwa kila anayeihitaji, bila kusubiri maelezo ya jinsi ilivyoharibika.

Sauti mbili zinazopingana

Katika jamii nyingi za Lindi, miongoni mwa Wamwera, Wamakonde, Wamachinga, Wangindo, Wamatumbi na Wayao, msichana hafikii utu uzima kimyakimya. Huchezwa unyago. Mwali hukaa ndani, hufundwa na kungwi, kisha hutolewa kwa ngoma na shangwe. Mvulana naye hupitia jando. Mafunzo haya yana mambo mengi mema: usafi wakati wa hedhi, heshima kwa wakubwa, kujitunza, na kujua kwamba mwili una siri na thamani yake.

Zamani muda kati ya unyago na ndoa ulikuwa mfupi. Msichana alivunja ungo, akachezwa, na baada ya muda si mrefu akaolewa. Mafunzo ya maisha ya ndani yalimkuta akielekea kuyatumia. Siku hizi mambo yamebadilika. Ngoma nyingi hupangwa wakati wa likizo za shule, hasa Juni na Disemba, na wapo wanaochezwa wakiwa bado shule ya msingi. Baada ya kutoka ndani, mwali huyo ana miaka mingi ya masomo mbele yake. Ameambiwa kwamba amekua, lakini hakuambiwa afanye nini na ukubwa huo katika miaka yote ya kusubiri.

Anapofika zahanati, husikia sauti ya pili. Huulizwa: "Umeolewa? Una watoto wangapi? Mama yako anajua kwamba umekuja?" Maana ya maswali hayo, hata kama muulizaji hakukusudia, ni moja tu: wewe bado ni mtoto, hapa si mahali pako.

Basi msichana anasimama katikati. Ngoma inamwambia amekua, na zahanati inamwambia bado. Shule humfundisha sehemu za mwili katika somo la baiolojia, lakini mara nyingi huishia hapo. Nyumbani mama huona haya, kwa kuwa kwa desturi mzazi hazungumzi mambo hayo na mwanawe. Kazi hiyo ni ya somo au kungwi. Pengo hilo hujazwa na marafiki, simu na mwanamume mwenye ahadi.

Hali hii si ya Kilwa peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vijana wa Wilaya ya Mtwara, jirani zetu wa kusini, ulibainisha vikwazo vya aina hiyo hiyo: ukosefu wa faragha, hofu ya siri kutoka nje, na mtazamo usio rafiki wa baadhi ya watoa huduma.

Miongozo ya nchi inasemaje?

Uzazi wa mpango si jambo geni lililoletwa jana. Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, UMATI, kilianzishwa mwaka 1959, kabla ya Uhuru. Katika miaka ya 1970 huduma zake ziliunganishwa na kliniki za serikali za mama na mtoto, na mwaka 1989 ukaanzishwa mpango wa taifa wa uzazi wa mpango. Nembo ya Nyota ya Kijani imekuwa ikiwaonesha wananchi mahali huduma inapopatikana.

Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 1994 uliweka msingi ambao bado unatuongoza: wanaume na wanawake wote walio katika umri wa kuzaa, wakiwamo vijana balehe, wana haki ya kupata taarifa, elimu na huduma za uzazi wa mpango, bila kujali kama wameolewa au wamewahi kuzaa. Baadaye vikaandaliwa viwango vya huduma rafiki kwa vijana. Huduma yenyewe hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Kwa hiyo mtoa huduma anayemrudisha msichana kwa sababu hajaolewa, au kwa sababu hajazaa, hatekelezi mwongozo. Anatekeleza desturi yake mwenyewe. Mara nyingi hufanya hivyo kwa nia njema. Anamwona binti huyo kama mwanawe, na anadhani akimnyima njia atakuwa amemlinda. Lakini msichana aliyekwisha kuanza mahusiano haachi kwa sababu amenyimwa sindano. Anachoacha ni kuja zahanati.

Wapo wanaohofu kwamba kuzungumza na vijana kuhusu uzazi wa mpango ni kuwafungulia mlango wa uasherati. Hofu hiyo inaeleweka na inastahili jibu la heshima. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zimeonesha kwamba elimu sahihi ya afya ya uzazi haiwafanyi vijana waanze ngono mapema zaidi. Wala elimu hiyo haipingani na mafundisho ya dini. Kujizuia hadi ndoa ni njia kamili ya kuepuka mimba na maambukizi, na kijana aliyeichagua anapaswa kuungwa mkono na kupewa maneno ya kukataa kwa ujasiri. Lakini huduma ya afya ni ya wote, hata kwa yule ambaye hakuweza au hakuachwa achague.

Njia zipi zinamfaa kijana?

Vigezo vya kitabibu vya Shirika la Afya Duniani viko wazi: umri mdogo peke yake si sababu ya kumnyima mtu njia yoyote ya muda. Kutowahi kuzaa nako si sababu. Zifuatazo ndizo njia zinazopatikana zaidi, pamoja na uwezo wake wa kuzuia mimba katika matumizi ya kawaida.

*Vipandikizi, au vijiti.* Huwekwa chini ya ngozi ya mkono na hufanya kazi kwa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Kati ya wanawake 100 wanaovitumia kwa mwaka, hata mmoja ni nadra kupata mimba. Humfaa msichana anayetaka kumaliza masomo bila kukumbuka dawa kila siku. Vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi bila kuchelewa.

*Sindano.* Huchomwa kila baada ya miezi 3. Kati ya wanawake 100, takribani 4 hupata mimba katika mwaka, hasa kwa kuchelewa kurudi. Baada ya kuacha, uwezo wa kupata mimba huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, lakini hurudi.

*Vidonge.* Humezwa kila siku. Takribani 7 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka, kwa kuwa vidonge husahaulika. Kwa msichana anayeficha vidonge chini ya godoro bwenini, kusahau ni rahisi. Kwa vidonge vyenye homoni mbili ni vyema kupima shinikizo la damu kwanza, na visitolewe kwa mwenye kipandauso kinachoambatana na dalili za kuona mwanga au giza.

*Kitanzi.* Cha madini ya shaba hukaa miaka 10 au zaidi na hakina homoni. Kijana anaweza kukitumia, ila ni muhimu kwanza kuhakikisha hana maambukizi ya magonjwa ya ngono.

*Kondomu.* Zikitumiwa jinsi watu wengi wanavyozitumia, takribani 13 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka. Lakini ndiyo njia pekee kati ya hizi inayokinga pia Virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya ngono. Kwa hiyo kijana hushauriwa kinga maradufu: kondomu pamoja na njia nyingine.

*Vidonge vya dharura.* Hutumika baada ya kondomu kupasuka, baada ya kujamiiana bila kinga, au baada ya kubakwa. Vimezwe mapema iwezekanavyo, hasa ndani ya saa 72. Baada ya hapo, hadi siku ya 5, nguvu yake hupungua. Havitoi mimba iliyokwisha kutunga, na si njia ya kutumia kila wiki.

Kwa watoa huduma, jambo moja la kiutendaji husahaulika. Vijiti, sindano na vidonge havihitaji uchunguzi wa ukeni wala kipimo cha damu kabla ya kuanza. Wala si lazima msichana awe kwenye hedhi siku hiyo. Inatosha kumuuliza maswali machache ili kuridhika kwamba hana mimba: je, hedhi yake ilianza ndani ya siku 7 zilizopita? Je, hajajamiiana tangu hedhi iliyopita? Je, amejifungua katika wiki 4 zilizopita? Je, mimba imeharibika ndani ya siku 7 zilizopita? Je, ananyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, bila kumpa chakula kingine, na hedhi haijarudi? Je, amekuwa akitumia njia nyingine ya kuaminika bila kukosea? Jibu la "ndiyo" kwa swali mojawapo, pasipo dalili za mimba, linatosha kuanza. Kumwambia msichana aliyetoka Njinjo "urudi ukiwa kwenye siku zako" ni kumpa nauli ya mara mbili na nafasi ya kupata mimba kabla ya kurudi.

Hofu zinazosikika barazani

"Zitaharibu kizazi." Hakuna njia yoyote kati ya hizi inayomfanya mtu kuwa tasa. Kinachoharibu mirija ya uzazi mara nyingi ni magonjwa ya ngono yasiyotibiwa na utoaji mimba usio salama, yaani mambo yale yale yanayompata msichana aliyekosa huduma.

"Damu isiyotoka inajaa tumboni." Anayetumia sindano au kijiti huenda akapata matone ya damu yasiyo na mpangilio, au hedhi ikakoma kabisa. Hii ni kwa sababu utando wa ndani wa kizazi haujengeki kama kawaida. Hakuna damu iliyofungiwa ndani. Haya ni maudhi madogomadogo, lakini ni lazima yaelezwe kabla, si baada. Msichana aliyeelezwa mapema huvumilia au hurudi kubadilisha njia. Asiyeelezwa huacha na kuwaogofya wenzake.

"Kijiti hutembea mwilini hadi moyoni." Kijiti kilichowekwa vizuri hubaki pale pale chini ya ngozi, na mwenyewe anaweza kukigusa kwa kidole. Ikiwa hakigusiki, arudi kituoni.

Umri, sheria na usalama wa mtoto

Mtoa huduma hukutana pia na swali gumu zaidi. Sheria za Tanzania huhesabu mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kujamiiana na msichana wa umri huo ni kosa la kubaka hata kama alikubali. Wakati huo huo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Tangu mwaka 2016 pia, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Je, muuguzi afanye nini basi, atoe huduma au atoe taarifa? Jibu ni kwamba huduma na ulinzi havipingani. Kila kijana balehe aulizwe kwa upole, akiwa peke yake: "Huyo mwenzako ana umri gani? Ulitaka mwenyewe, au alikulazimisha? Kuna kitu alikupa au alikuahidi?" Majibu yakionesha kulazimishwa, au mwanamume mzima aliyemzidi sana umri, au msichana akiwa mdogo sana, suala hilo si la uzazi wa mpango peke yake. Apewe huduma anayoihitaji kwanza, ikiwamo kinga ya Virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72 na vidonge vya dharura, kisha aunganishwe na afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Namba 116, isiyolipiwa, hupokea taarifa za watoto walio hatarini. Kumnyima njia ya uzazi wa mpango hakumwadhibu mkosaji. Humwadhibu mtoto mara ya pili.

Vijana waliokwisha kuzaa wasisahaulike. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shule. Ruhusa hiyo haitakuwa na maana kubwa ikiwa mimba ya pili itawahi kabla ya mtihani. Mama kijana apewe ushauri tangu kliniki ya wajawazito, na akipenda awekewe kijiti kabla ya kutoka wodini. Kati ya kujifungua na mimba nyingine, yapite angalau miezi 24.

Kila mmoja anaweza kufanya nini?

*Watoa huduma.* Jengo jipya halihitajiki ili huduma iwe rafiki kwa vijana. Zahanati yenye chumba kimoja inaweza kutenga saa moja ya jioni, baada ya shule, ambapo kliniki ya akina mama imekwisha na jirani au shangazi hayupo kwenye benchi. Mlango ufungwe. Jina lisiitwe kwa sauti. Rejesta ya uzazi wa mpango katika MTUHA isiachwe wazi mezani. Mwanafunzi asiulizwe kwa nini amevaa sare.

Neno la kwanza ndilo linaloamua. Muuguzi akisema, "Wewe mtoto, nani amekutuma?", mazungumzo yamekwisha. Akisema, "Karibu mwanangu, kaa. Utakayoniambia yataishia humu ndani. Nikusaidie nini?", binti atameza mate, atatazama chini, kisha atasema. Mganga mfawidhi ahakikishe kila mtumishi analijua hili, akiwamo mlinzi na mtunza kumbukumbu, kwa sababu msichana hukutana nao kwanza.

Jambo jingine ni akiba ya dawa. Mvua za masika hukata barabara za pwani ya Lindi; Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu kati ya Lindi na Dar es Salaam. Vituo viagize mapema kabla ya masika, na visiwa viangaliwe kwanza. Aliyefuata sindano akakuta imekwisha asirudishwe mikono mitupu. Apewe njia ya muda hadi shehena ifike.

*Makungwi na wazee wa jando.* Ninyi mnasikilizwa kuliko daktari yeyote. Kama mwali wa leo atasoma miaka minane baada ya kutoka ndani, mafunzo yake yatazame miaka hiyo minane. Mwambieni kwamba kukua si kuwa tayari kuzaa. Kwamba ana haki ya kusema hapana. Na kwamba akishindwa, aende zahanati badala ya kwenda kichakani. Wavulana nao waambiwe jandoni kwamba mimba ina watu wawili. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waombe nafasi ya kuketi na makungwi kabla ya msimu wa likizo. Waende kuzungumza nao kwa adabu, kama wageni wanaobisha hodi, si kama wakaguzi.

Uzoefu wa Mwanza unatufundisha hapa. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza huko mwishoni mwa miaka ya 1990, uliwafundisha wanafunzi wa shule za msingi na kuwaandaa watumishi wa zahanati katika jamii 10, zikilinganishwa na nyingine 10. Maarifa ya vijana yaliongezeka na yalidumu kwa miaka. Hata hivyo, maambukizi na mimba havikupungua kwa kiwango cha kuonekana. Kijana alijua, lakini jamii iliyomzunguka ilibaki ile ile. Ndiyo maana mafunzo ya darasani peke yake hayatoshi. Ni lazima wazazi, makungwi na wanaume watu wazima wawemo.

*Wazazi.* Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo umo ndani ya simu. Kama haya inakuzuia kuzungumza na mwanao, mteue shangazi, bibi au somo unayemwamini, na umwambie wazi unataka binti yako ajue nini. Ukikuta kadi ya kliniki katika mkoba wake, usianze na fimbo. Amefanya jambo ambalo wengi wa rika lake hawakuthubutu: ametafuta msaada mahali pa salama.

*Vijana.* Una haki ya kuuliza. Waweza kwenda peke yako, na rafiki, au na mtu mzima unayemwamini. Huhitaji cheti cha ndoa. Waweza kuuliza tu bila kuchukua njia yoyote, na waweza kubadilisha njia isiyokufaa. Ukijibiwa vibaya katika kituo kimoja, jaribu kingine, au mtafute mhudumu wa afya wa kijijini kwako. Maduka ya dawa muhimu huuza kondomu, lakini ushauri kamili na uchaguzi wa njia nyingi viko kituoni.

Hitimisho

Lindi haianzi kutoka sifuri. Akina mama wake wamekwisha kuonesha kwamba njia za kisasa zikieleweka na zikipatikana, hutumika. Vijiti vilivyomo kabatini vinamfaa mama wa miaka 30 na vinamfaa pia binti yake wa miaka 17. Kinachotakiwa kubadilika ni namna tunavyompokea mlangoni. Ngoma imemwambia amekua. Zahanati nayo imweleze kukua huko kunamtaka ajue nini, na impe nafasi ya kuchagua lini awe mama. Kila msichana anayemaliza kidato cha nne bila mimba, na kila mama kijana anayerudi darasani bila mimba ya pili, ni ushahidi kwamba jambo hili linawezekana kwa watumishi tulionao na majengo tuliyonayo.